Pima Ndipo Ununue: Kwa Wenye Pikipiki Kuukuu

Ndugu madereva, wazee wetu wa steji, akina mama na dada mliokuja na pikipiki zenu, hamjambo. Kabla ya lolote, nina ombi moja: ile pikipiki iliyoegeshwa chini ya mwembe mtu asiipige kiki. Haijawashwa tangu jana jioni, na inafaa ibaki baridi mpaka tutakapoifikia.

Nimeombwa nizungumzie pikipiki zilizozeeka na jinsi mwenyewe anavyoweza kuzitunza nyumbani. Nitasema jambo moja kwa njia nyingi: usinunue spea kabla hujapima. Pikipiki nyingi hapa Kisumu hazikuuawa na umri. Ziliuawa na kubahatisha. Leo imebadilishwa plagi, kesho koili, kesho kutwa CDI, kile kisanduku cha umeme kinachoamrisha cheche, wiki ijayo silinda inafunguliwa, na shida ilikuwa tapeti iliyokaza, yaani valvu iliyokosa uwazi wake. Pesa ya karo imeshatoka.

Nitazungumzia hasa injini ya aina ya CG, kwa sababu zilizo kuukuu hapa kwetu nyingi ni za ukoo huo, ziwe Honda yenyewe au hizi za Kichina zilizoiga. Honda waliitoa CG125 mwaka 1976, na waliichora wakijua itakwenda kwa watu watakaochelewesha oili na kuipitisha kwenye vumbi. Ndiyo maana valvu zake, vile vizibo vya kuingiza hewa na petroli na kutoa moshi, husukumwa na pushi rodi, yaani vijiti vya chuma, na hakuna cheni ndefu ya kupanda hadi juu ya silinda. Ni injini mvumilivu. Lakini ina vipimo vyake, na vipimo hivyo ndivyo nitakavyowatajia. Mwenye Boxer au TVS, kanuni ni zile zile ila namba zake azitafute katika kitabu cha pikipiki yake. Usiazime namba ya jirani.

Tuanze na oili. Imwage injini ikiwa moto, baada ya kuendesha dakika kumi hivi, kwa sababu oili moto hutoka na uchafu wake, na oili baridi huuacha chini. Simamisha kwa stendi kubwa, mahali tambarare. Fungua nati ya chini kwa spana ya 17, acha idondoke hadi tone la mwisho. Injini ya CG ikimwagwa hivyo huchukua mililita 900. Sasa chupa dukani ni ya lita moja, na hapo ndipo makosa huanza: mtu anamimina yote kwa kuwa ameshailipia. Oili ikizidi, krankishafti inaipiga hadi itoe povu, presha inapanda, oili inatafuta pa kutokea: kwenye sili, au kwenye bomba la kupumulia hadi ndani ya kichujio cha hewa. Unaona injini inavuja, unanunua sili mpya, na sili haikuwa na kosa. Bakisha mililita 100 kwenye chupa. Kipimo cha kuchovya kifute, kiingize bila kukikaza skrubu, kitoe, usome. Ukikikaza kinazama zaidi, kinakudanganya kwamba oili imejaa.

Kwa joto la hapa ziwani, 20W-50 inafaa. Tafuta chupa yenye alama ya JASO MA, alama ya oili ya pikipiki zenye klachi ndani ya oili. Klachi ya pikipiki hizi inaogelea ndani ya oili hiyo hiyo, na oili za magari zilizotengenezwa kupunguza msuguano ili kuokoa mafuta huifanya klachi iteleze. Utaipata dalili yake ukipanda Riat na abiria wawili: injini inalia juu, mwendo hauongezeki. Kabla hujanunua sahani za klachi, jiulize umeweka oili gani, kisha pima mchezo wa kebo kwenye ncha ya mkono wa klachi. Uwe milimita 10 hadi 20. Kebo isiyo na mchezo kabisa inaishikilia klachi nusu wazi siku nzima, nayo itateleza hata sahani zikiwa mpya.

Anayefanya kazi ya siku nzima kwenye vumbi abadilishe oili kila kilomita 1,500, au 2,000 akiwa kwenye lami zaidi. Spidomita nyingi zimekufa, najua. Basi hesabu kwa mafuta: kama lita moja hukupeleka kilomita 40, kila lita 40 za petroli ulizoweka ni kilomita 1,600. Andika kwenye ukuta wa nyumba kwa chaki. Na oili chafu, tafadhali, isimwagwe mtaroni. Mitaro ya mji huu inaishia ziwani, na samaki wa ziwa hilo ndio tunaokula. Weka kwenye mtungi, mpe anayekusanya.

Kuna kitu wengi hawajawahi kukiona ndani ya CG. Upande wa kulia, nyuma ya kifuniko cha klachi, mwishoni mwa krankishafti, kuna kikombe kinachozunguka na kuirusha oili ili uchafu ugande ukutani mwake. Hicho ndicho kichujio chenyewe cha oili. Kila unapofungua upande huo, au baada ya kilomita 12,000 hivi, kifungue na kukikwangua. Ndani utakuta tope jeusi, zito kama ugali wa wimbi uliolala. Kama limejaa, oili inapita bila kuchujwa. Nunua gaskiti ya kifuniko kabla hujafungua, si baada, maana ya zamani huwa inachanika.

Sasa hewa. Vumbi la murram ni mchanga. Likiingia kwenye silinda linasaga ringi na ukuta wa silinda pamoja. Wapo vijana wanaotoa kichujio cha hewa kabisa wakisema pikipiki inapata nguvu. Kinachoongezeka ni mngurumo. Hewa inazidi petroli, injini inachemka, na baada ya msimu mmoja wa kiangazi moshi wa buluu unatoka nyuma. Kichujio cha sponji kioshe kwa mafuta ya taa, kisha kwa maji ya sabuni, ukikikamua kwa kukibana viganjani bila kukisokota, kwa sababu kikisokotwa kinachanika. Kikikauka kabisa, kichovye kwenye oili safi na ukikamue tena hadi kisidondoke. Sponji kavu haizuii vumbi. Vumbi hunaswa na ule utando wa oili. Cha karatasi hakioshwi. Kipige-pige mkononi, kipulize kutoka ndani kwenda nje, na kikizidi weusi ununue kingine.

Tukija kwenye pikipiki iliyokataa kuwaka, nataka mshike mpangilio: petroli, cheche, kompresheni, yaani mbano wa hewa ndani ya silinda. Kwa mpangilio huo, kwa sababu cha kwanza hupimwa kwa dakika moja, na cha mwisho kinahitaji muda.

Petroli: chini ya bakuli la kabureta kuna skrubu ndogo ya kumwagia. Weka glasi safi chini yake, fungua bomba la tangi, legeza skrubu. Kama hakuna kinachotoka, kizuizi kiko kwenye bomba, kwenye wavu wa bomba la tangi, au tundu la kifuniko cha tangi limeziba na petroli haiwezi kushuka. Fungua kifuniko, ikianza kutiririka, umeshapata mchawi. Kama inatoka, iangalie ile glasi kwenye mwanga. Petroli yenye maji haichanganyiki. Maji yanakaa chini yakiwa tembe tembe za mviringo, na ukiinamisha glasi zinaviringika kama shanga huku petroli ikipita juu yake. Tembe tatu tu zikifika kwenye jeti, kile kitundu chembamba cha kupitishia petroli ndani ya kabureta, injini inazima. Wakati wa masika hili ndilo tatizo la kwanza la kutazamia, hasa petroli ikiwa ya chupa za barabarani. Mwaga hadi tembe ziishe.

Jeti ikiziba, usiizibue kwa sindano wala waya wa chuma. Jeti ni ya shaba nyeupe, laini, na ukiipanua kidogo tu pikipiki itakunywa mafuta maisha yake yote. Chukua uzi wa nailoni wa kuvulia, ule mwembamba, unapatikana Dunga na popote penye wavuvi. Unapita na haukwaruzi.

Na neno kali hapa, mnivumilie. Wengi wetu tunalala na pikipiki ndani ya nyumba kwa kuogopa wezi. Kabureta haifunguliwi ndani ya nyumba. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unatambaa sakafuni hadi kwenye jiko la jirani, na hautoi onyo. Kazi ya petroli ifanyike nje, mchana, watoto wakiwa mbali. Na injini isiwashwe chumbani hata kwa dakika mbili. Moshi wake unaua bila harufu ya kukuamsha.

Cheche: toa plagi kwa soketi ya 18, irudishe kwenye kofia yake, iegemeze chuma chake kwenye mapezi ya injini, mbali na tundu ilikotoka, piga kiki. Ishike kwa koleo yenye mpini wa mpira. Cheche ya buluu yenye mlio ni nzima. Ya njano, nyembamba, ni dhaifu. Ikikosekana, usikimbilie CDI. CDI inalaumiwa kuliko kifaa kingine chochote cha pikipiki, na mara nyingi inaonewa. Kwanza chomoa soketi za waya chini ya tangi uangalie kutu ya kijani, kisha jaribu swichi ya kuzimia, kisha ung'oe kofia ya plagi na kukata milimita tano za waya mnene, maana ncha huoza. Haya yote ni bure.

Plagi ya CG ni D8EA, pengo milimita 0.6 hadi 0.7. Blade ya msumeno wa chuma, ile ya kawaida, ina unene wa karibu 0.6 na zaidi kidogo, kwa hiyo ikipita kwa kubana kidogo umefika. Isome rangi yake pia. Kahawia ya chai ya maziwa ni afya. Nyeusi kavu kama masizi ya sufuria, petroli imezidi au hewa imezibwa. Nyeusi yenye utelezi, oili inaingia. Nyeupe, injini inachomeka, hewa inaingia pasipostahili, mara nyingi kwenye mpira kati ya kabureta na silinda. Injini ikiwa inanguruma pole pole, dondoshea maji ya sabuni kwenye kiungo hicho. Mlio ukibadilika, hapo panavuta hewa.

Aliyenunua pikipiki iliyokuwa ikifanya kazi Kericho akumbuke hili. Sisi hapa tuko mita 1,130 hivi juu ya bahari, kule ni kama 2,000. Hewa ya kule ni nyepesi, na kama fundi wa kule alipunguza jeti, huku chini injini itakosa petroli na kuchemka. Rudisha jeti ya kiwandani kwanza.

Kompresheni ndiyo inayotupeleka kwenye tapeti, na hapa nitakaa.

Valvu ikifunga lazima ikae barabara kwenye kiti chake, na ili ikae, lazima pabaki uwazi mdogo kati yake na roka, ule mkono mdogo unaoisukuma. Kwa CG uwazi huo ni milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, ya kuingiza na ya kutoa, injini ikiwa baridi kabisa. Sifuri nukta sifuri nane. Huo ni unene wa unywele. Karatasi ya daftari, ambayo wengine huitumia, ni karibu 0.1, yaani imeshapita. Fila geji, yaani mabapa membamba ya chuma ya kupimia uwazi, ni kifaa cha bei ndogo na hudumu miaka. Steji moja inaweza kuchanga ikanunua moja.

Watu wanaogopa tapeti inayopiga tik tik tik. Hiyo inakusumbua masikio na kukupunguzia nguvu kidogo. Ya kuogopwa ni iliyonyamaza kabisa. Kadiri miaka inavyokwenda, valvu inazama kwenye kiti chake na uwazi unaliwa. Ukifika sifuri, valvu ya kutolea moshi haifungi tena, na kwa kuwa inapoa kwa kukigusa kiti tu, sasa haipoi. Inaungua pembeni. Dalili ni hizi: asubuhi inawaka vizuri, lakini ukiizima saa saba mchana mbele ya soko la Kibuye, inakataa hadi ipoe. Dereva anaambiwa ringi zimekwisha. Silinda inachongwa, pistoni inanunuliwa, na baada ya wiki tatizo limerudi, kwa sababu lilikuwa juu kwenye valvu.

Kutofautisha ringi na valvu hakuhitaji mashine. Toa plagi, mimina kijiko kimoja cha chai cha oili safi kwenye tundu, rudisha plagi, piga kiki. Kiki ikiwa nzito kuliko mwanzo, oili imeziba pengo la ringi, basi ni ringi. Isipobadilika, ni valvu. Moshi nao unasema: wa buluu unapowasha asubuhi kisha ukaisha ni sili za valvu, wa buluu kila unapovuta akseleta ni ringi, mweusi ni petroli nyingi.

Kazi ya tapeti yenyewe ni ya nusu saa. Injini ilale usiku kucha. Toa plagi ili izunguke kirahisi. Upande wa kushoto, fungua vifuniko viwili vya mviringo, au kifuniko chote kama ni Honda ya zamani, uifikie nati ya sumaku, lile gurudumu la kuzalisha umeme mwishoni mwa krankishafti. Juu ya silinda, toa kifuniko cha roka. Zungusha nati ya sumaku kinyume cha saa ukiitazama roka ya kuingiza, ile ya upande wa kabureta. Itaisukuma valvu chini, kisha itairudisha juu. Ikisharudi, endelea karibu nusu mzunguko hadi alama ya T iliyo kwenye sumaku ikutane na alama ya kwenye injini. Sasa zishike roka zote mbili kwa vidole. Zote ziwe na mchezo mdogo. Kama moja imekaza kabisa, huenda uko kwenye mzunguko usio wake. Zungusha mara moja kamili, urudi kwenye T. Kama bado imekaza, hiyo ndiyo tapeti iliyoliwa.

Ingiza bapa la 0.08. Lipite kwa mkwaruzo mwepesi, kama unavyovuta karatasi iliyo chini ya kitabu. Likikwama au likilegea, legeza nati ya kufungia, ya 10 au 9, geuza skrubu ya katikati kidogo, ishikilie isisogee, kaza nati. Halafu pima tena. Hapa ndipo wengi hukosea: nati inapokazwa huivuta skrubu nayo, na kipimo chako cha mwanzo kinabadilika. Pima hadi kipimo kikubali nati ikiwa imekazwa. Rudia kila kilomita 3,000.

Tuje kwenye cheni. Ya 428 ina hatua ya milimita 12.7 kati ya pini na pini. Ivute ikaze, pima kutoka pini ya kwanza hadi ya 21. Mpya ni milimita 254. Ikifika 259, imeisha, hata kama inaonekana nzuri, na ukiiacha itakula meno ya sproketi mpya. Badilisha cheni na sproketi zote mbili pamoja. Ulegevu wake katikati uwe karibu milimita 20, ukipimwa mahali palipokaza zaidi baada ya kuzungusha gurudumu zima, kwa maana cheni kuukuu haichakai sawasawa. Klipu ya kiungo, upande wake uliofungwa uelekee inakokwenda cheni. Ikiwekwa kinyume, kijiti kimoja tu kinatosha kuichomoa.

Ule udongo mweusi wa Kano, ukipita Ahero wakati wa mvua, unaganda kwenye cheni kama saruji. Usiuache ukaukie hapo. Brashi na mafuta ya taa, futa, kisha paka oili ya gia namba 90 upande wa ndani wa cheni, jioni ikiwa bado na joto. Grisi na oili chafu ya injini zinakusanya mchanga.

Umeme kwa ufupi: betri ya volti 12 ikipumzika isome 12.6 na zaidi; injini ikivutwa, kati ya 13.5 na 14.5. Ikipita 15, regaleta, kile kifaa cha kudhibiti umeme wa kuchaji, imekufa, na ndiyo inayounguza taa zako kila wiki. Fyuzi isifungwe kwa karatasi ya sigara. Waya utaungua chini ya tangi la petroli.

Breki za ngoma: kitambaa kikibaki milimita 2, badilisha. Vumbi lake usilipulize kwa mdomo, lifute kwa kitambaa chenye maji, kwa sababu baadhi ya shuu bado zina asbesto na inaharibu mapafu. Spoku zigonge moja moja kwa spana ndogo. Iliyokaza inalia kama kengele, iliyolegea inatoa mlio wa kufa. Upepo wa tairi karibu PSI 25 mbele, na 33 nyuma ukiwa na abiria.

Sasa tusogee chini ya mwembe. Injini imelala baridi tangu jana, plagi bado imo, na fila geji iko pale kwenye kiti. Nahitaji wawili waliowahi kuambiwa ringi zao zimekwisha. Mmoja ashike spana ya 10, mwingine azungushe sumaku, na wengine msimame mahali ambapo mnaiona ile T.